Maji Hayajakomaa

Jumapili asubuhi ukumbi wa utamaduni wa mji wa Olomouc hunuka bwawa. Watu huingia na makoti mazito, miwani ikipata ukungu mlangoni, na kila meza imejaa matangi ya kioo na mifuko ya plastiki yenye samaki wadogo kuliko kidole. Wazee hubishana juu ya konokono kama wanavyobishana wengine juu ya siasa. Hapo ndipo Vendula alipomwona Hynek, na jambo la kwanza Hynek alilomfanyia ni kumnyima.

Vendula alivaa koti la kijani lenye mkanda kiunoni na skafu ya manjano aliyofumiwa na mama yake. Midomo aliipaka rangi kidogo, si kwa ajili ya mtu, ila ilikuwa Jumapili. Alisimama mbele ya meza yenye samaki wembamba waliokuwa na mstari wa buluu ubavuni, unaowaka kama taa ya dukani.

"Nipe kumi," akasema.

Mwenye meza alikuwa mwanamume mrefu, sweta lake limetoboka kiwiko. Hakugusa wavu.

"Tangi umelijaza maji lini?"

"Jana."

"Basi sikuuzii."

Vendula alidhani hakusikia vizuri kwa kelele. "Pesa ninazo."

"Naziona. Nzuri sana. Zirudishe mfukoni."

"Wewe ni mfanyabiashara wa aina gani?"

"Aina ya kupata hasara. Mke wangu wa zamani alikuwa akisema hivyo hivyo, ila yeye hakuwa akikaribia kucheka kama wewe."

"Mimi sicheki."

"Nimesema unakaribia." Akajifuta mikono kwa suruali, akainama mezani. "Sikiliza, dada. Maji yako ni masafi mno. Samaki anakula, anajisaidia, na ule uchafu unageuka sumu. Kwenye tangi lililokomaa kuna vijidudu, huvioni kwa macho, vinavyoila hiyo sumu. Kwako bado havijahamia. Ukiwatia hawa leo, katikati ya wiki utakuwa unawatoa kwa kijiko."

"Na hivyo vijidudu vinauzwa wapi?"

"Vinasubiriwa."

Akachukua mkasi, akazamisha mkono ndani ya tangi lake kubwa, akakata kipande cha sponji ya kuchujia. Kilichuruza maji ya kahawia, kikatoa harufu ya udongo wa bustani baada ya mvua. Akakitia kwenye mfuko pamoja na maji, akaufunga.

"Hii ni mbegu. Iweke kwenye chujio lako. Kila siku tupia chakula kidogo, ingawa hakuna wa kukila. Na usiioshe. Ikikukera, usiioshe. Wageni wakija, usiioshe."

"Nikijisahau nikaiosha?"

"Uniambie ukweli. Ukiniambia ukweli tutapata la kufanya." Akaandika namba ya simu juu ya mfuko kwa kalamu nene. "Kwa ajili ya maji."

"Bila shaka," akasema Vendula. "Kwa ajili ya maji."

Safari hii alicheka kweli.

*

Vendula alifanya kazi duka la miwani, akiishi na mama yake ghorofa ya juu katika yale majengo marefu ya saruji nje ya mji. Alikuwa ameolewa akaachika. Radim, huyo mume, alikutana naye kwenye sherehe za mavuno na kabla theluji haijaanguka walikuwa wamevalishana pete. Hakuna aliyesema ngojeni. Ndoa ilidumu muda wa kuchakaza jozi moja ya mashuka, kisha Vendula akarudi kwa mama yake na sanduku moja, na tangu hapo jioni zao zilikuwa za kimya. Ndiyo maana alinunua tangi. Alitaka kitu chenye uhai ambacho hakitamuuliza habari za Radim.

Mama yake, Bi Drahomíra, mjane, alikuwa mwanamke wa kusafisha. Mapazia yake yalifuliwa kabla hayajachafuka. Na alikuwa na hofu mbili zisizokaa pamoja kifuani: hofu kwamba binti yake ataumizwa tena, na hofu kwamba safari hii hataumizwa, ataondoka moja kwa moja. Ninyi wenye mabinti mtamwelewa, na ndiyo maana nataka hapa msome polepole.

"Unafanya nini hapo?" aliuliza siku ya kwanza, akimwona Vendula anatupia chakula kwenye tangi tupu.

"Nalisha maji, mama."

"Yameshiba?"

"Bado kidogo."

"Nilimwambia marehemu baba yako tusikulee peke yako. Angekuwepo mwenzio, angekushauri."

Jioni Vendula alichukua maji kidogo kwenye kichupa, akatia matone ya kupimia, akapiga simu.

"Haloo, mwenye hasara."

"Haloo, mwenye koti la kijani. Leo rangi gani?"

"Zambarau. Zambarau ya joho la askofu."

"Sumu hiyo. Vizuri sana."

"Sumu ndiyo vizuri?"

"Ni lazima ipande kwanza ndipo wapatikane wa kuila. Ikianza kushuka yenyewe, tumepona. Umekula?"

"Hilo nalo ni la maji?"

"La mwenye maji."

Basi ikawa hivyo kila jioni. Zambarau, zambarau, zambarau. Alijua sasa kwamba Hynek ni fundi wa lifti, kwamba anaishi kijijini nje ya mji katika nyumba ya nyanya yake, na kwamba chini ya nyumba kuna chumba kilichojaa matangi, chenye joto kama jikoni. Alijua pia kwamba mke wake wa zamani hakuondoka kwa ugomvi, alimdanganya kwa mambo madogo madogo mpaka likaja kubwa.

"Hata samaki wa kukaanga sili," Hynek alimwambia. "Siwezi. Naona wananitazama."

"Krismasi unakula nini?"

"Saladi ya viazi na aibu."

Walipokutana uwanjani kwenye vibanda vya Krismasi, wakinywa divai ya moto yenye mdalasini, mvuke ukiwapanda usoni, Vendula alimuuliza mbona hajamshika hata mkono.

"Mkono wako una glavu," akasema Hynek.

Vendula akavua glavu.

Rangi ilianza kushuka Novemba inakwisha. Zambarau ikawa waridi, waridi ikafifia, na jioni moja kichupa kikabaki cha njano nyepesi kama chai ya mgonjwa. Vendula alipiga simu, hakusema salamu.

"Njano."

"Pima tena kesho."

"Nimepima mara mbili."

"Basi nakuja."

Alikuja kukiwa na baridi ya kukata masikio. Mlangoni alivua viatu kama mtu aliyelelewa, na Bi Drahomíra, baada ya kumtazama juu mpaka chini, akamtolea sapatu za marehemu mumewe. Sapatu hizo hakuwahi kuzitoa kwa Radim. Kisha Hynek akafungua koti, akafungua sweta, na kutoka kifuani, juu ya shati, akatoa mfuko wa maji wenye samaki wenye mistari ya buluu.

"Umewabeba kifuani," Vendula akasema.

"Kwenye begi wangekufa kwa baridi."

Bi Drahomíra aliona jinsi binti yake alivyomtazama mtu huyo. Hakuwahi kumwona akimtazama mtu hivyo. Akaenda jikoni, akaosha vikombe vilivyokuwa visafi.

*

Kwetu huko Krismasi haiingii nyumba chafu. Wiki mbili kabla, mwanamke mwenye kujiheshimu hushusha mapazia, husogeza makabati, hutoa mazulia nje na kuyapiga. Mwaka huo Bi Drahomíra alikuwa na sababu zaidi, maana alisikia maneno ya simu kupitia ukuta.

"Usiku wa kuamkia Krismasi nitakuja," Hynek alikuwa akisema, na simu ya Vendula ilikuwa na sauti kubwa. "Nina jambo la kukuuliza. Mbele ya mama."

"Niulize sasa, mpenzi."

"Sasa nimepanda ngazi, nina bisibisi mdomoni."

Basi mama akasafisha. Na alipolimaliza kabati, akaona lile chujio kwenye tangi, na ndani yake sponji ya kahawia, yenye utelezi, inanuka. Akawaza mgeni atakuja, ataketi hapo hapo, ataona uchafu huu, atasema binti wa nani huyu. Vendula alikuwa kazini. Bi Drahomíra akaitoa, akaifikicha kwenye sinki kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo mpaka ikarudi rangi yake ya dukani, akaisuuza, akairudisha mahali pake. Akajisikia vizuri. Wazazi wenzangu, sisi tunajua kuosha. Hilo hatuhitaji kufundishwa na mtu.

Siku mbili tatu baadaye maji yakawa na ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji. Samaki wakapanda juu, vinywa wazi, wakihema, na baadhi wakaelea wamekufa.

Hynek alifika na nguo za kazi, mafuta ya lifti mikononi. Akatoa nusu ya maji kwa ndoo, akatia mengine yaliyokuwa yamekaa. Kisha akafungua chujio, akaitoa sponji, akaishika muda mrefu. Akainusa.

"Vendula. Uliiosha?"

"Hapana."

"Imeoshwa. Inanuka limau."

"Nimekwambia sikuiosha."

"Sikukataza kukosea. Nilikuomba jambo moja tu, uniambie."

"Na mimi nakwambia." Akageuka. "Mama, uliigusa hii?"

Bi Drahomíra alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Lakini alimwona yule mwanamume ana hasira, akaona aibu kwamba yeye, mtu mzima, ameua wanyama wa watu kwa sabuni, na nyuma ya aibu, mbali kabisa, akasikia kitu kingine kikimnong'oneza kwamba huyu akiondoka, mwanao anabaki.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilifuta kioo tu. Kwa nje."

"Umesikia," Vendula akamwambia Hynek. "Labda samaki wako walikuja wagonjwa. Labda huko chini kwako wanakufa kila siku, ndiyo maana unawagawa."

Hynek aliiweka sponji mezani, taratibu.

"Samaki wakifa naweza kuvumilia. Nimezoea. Kudanganywa kwa jambo dogo, hilo nimeshakaa nalo nyumba moja, siwezi kurudi." Akavaa viatu bila kufunga kamba. "Kila siku badilisha theluthi ya maji, waliobaki wataishi. Maji yakae kwanza kwenye ndoo."

"Ondoka na ushauri wako."

Mlango ukafungwa. Wakasikia lifti ikishuka. Bi Drahomíra akaziokota sapatu za marehemu, akazirudisha kabatini.

*

Ushauri Vendula aliufuata hata hivyo. Ndoo zilijaa ukumbini, wakawa wanaziruka. Bafuni hazikuweza kukaa, kwa kuwa bafu lilikuwa na mwenyewe. Bi Drahomíra alikuwa amenunua samaki wa Krismasi akiwa hai, mnene, wa magamba makubwa, naye akiogelea humo huku wanawake wawili wakijipangusa kwa beseni.

Simu haikulia. Vendula aliiweka mfukoni, akaiweka droo ya vijiko, akaitoa droo ya vijiko. Alipungua mwili, mkanda wa koti la kijani ukasogea tundu moja. Jioni alipima maji, akatazama rangi, na hakuwa na wa kumwambia ni zambarau ya nini.

Mama yake aliyaona hayo yote. Alikuwa amepata alichokitamani kwa siri: binti yupo, anakula naye, anamsaidia kukunja mashuka. Ila aliyekuwepo hakuwa Vendula. Alikuwa mtu mpole anayejibu ndiyo mama, hapana mama. Bi Drahomíra alijaribu.

"Nikukaangie vitunguu?"

"Ukipenda, mama."

"Wewe unapenda nini?"

"Chochote, mama."

Jioni ya kuamkia Krismasi wakaandaa meza. Kitambaa cheupe, mshumaa, supu ya samaki, saladi ya viazi, biskuti za vanila zilizopindwa kama mwezi mchanga. Sahani tatu, maana usiku huo huwekwa sahani moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Kila mwaka huwekwa na kila mwaka huondolewa safi. Na kuna mwiko mmoja ambao Bi Drahomíra mwenyewe alimfundisha Vendula angali akikalia mito ili aifikie meza: mlo ukishaanza, mtu hanyanyuki mpaka wote wamalize. Anayenyanyuka, mwakani nyumba itapungukiwa mtu.

Walikuwa katikati ya supu. Vendula aliitazama ile sahani ya tatu, akakishusha kijiko, akaendelea kuitazama. Hakulia. Angelia, labda mama angevumilia.

Bi Drahomíra akasukuma kiti nyuma, akasimama.

"Mama, kaa," Vendula akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sauti yake ilikuwa na uhai. "Unajua inavyosemwa."

"Najua. Mimi ndiye niliyekwambia. Nipe simu yako."

"Ya nini?"

"Nipe, mwanangu."

Akapiga akiwa amesimama, aproni bado kiunoni.

"Bwana Hynek. Huyu ni Drahomíra, mama yake Vendula. Ile sponji niliiosha mimi. Kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Mwanangu hakujua. Aliponiuliza nikamdanganya, na wewe ukamwita mwongo kwa sababu yangu."

Upande wa pili ulisikika mlio wa mapovu ya matangi yake.

"Kwa nini uliiosha, mama?"

"Kwa sababu ulikuwa unakuja."

"Na kwa nini ulinyamaza?"

Bi Drahomíra alishika ukingo wa meza. "Kwa sababu ungemchukua."

Halafu Hynek akauliza, "Wamebaki wangapi?"

"Wachache. Anawabadilishia maji kila siku kama ulivyosema."

"Msiguse kitu. Nakuja."

Mama aliiweka simu mezani. Vendula hakumtazama.

"Ulinisikia nikimtukana mtu," akasema, "ukasimama hapo na kitambaa."

"Ndiyo."

"Nilikuamini wewe, nikamwacha yeye."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu sasa hivi."

Bi Drahomíra akanyamaza, na safari hii ulikuwa unyamavu wa haki. Vendula naye akanyanyuka, mwiko ulikuwa umeshavunjika, akaenda ukumbini. Kwetu wasichana wasioolewa hurusha kiatu usiku huo juu ya bega, na ncha ikielekea mlangoni, ataolewa aihame nyumba. Hakuwa na nia ya kuagua. Alinyakua kiatu chake pale mlangoni kwa hasira akakirusha nyuma kama anayetupa jiwe. Kikagonga ndoo, kikaanguka, ncha ikatazama jikoni.

"Bila shaka," akasema peke yake.

*

Hynek alikuja theluji mabegani. Bi Drahomíra alikuwa ameshaziweka zile sapatu mlangoni. Alizivaa, akafungua koti, akafungua sweta, na kutoka kifuani akatoa mfuko wenye sponji nzima, kahawia, inachuruza.

Akainama kwenye tangi. Vendula akainama kando yake kushika taa. Walifanya kazi kwa muda, mikono ndani ya maji yale yale.

"Nilikuita mwongo," Hynek akasema.

"Mbele ya mama."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Si sasa hivi. Na mimi nilisema samaki wako wagonjwa."

"Hilo ndilo liliniuma."

"Najua. Nililichagua."

Samaki mmoja alipita chini ya vidole vyao, mstari wake wa buluu umefifia ila upo.

"Ulikuwa na jambo la kuniuliza usiku wa leo," akasema Vendula.

"Nilikuwa nalo. Siulizi."

"Kwa nini?"

"Maji hayajakomaa."

Vendula alitabasamu akitazama kioo cha tangi, si Hynek. "Yatakomaa lini?"

"Kwa sponji hii, kabla theluji haijayeyuka."

"Basi uniulize siku ya njano."

"Utajibu nini?"

"Majibu yanasubiriwa, fundi. Njoo ule. Sahani yako ipo mezani tangu jioni, na saladi ya viazi ipo."

"Na aibu?"

"Aibu leo imeliwa na wengine."

Bi Drahomíra aliyasikia hayo akiwa anapita ukumbini na bakuli za supu. Hakusimama kusikiliza zaidi. Lakini alikiona kile kiatu sakafuni karibu na ndoo, ncha imeelekea jikoni kwake. Alikitazama. Akawatazama wale wawili, migongo yao imeinama pamoja kwenye mwanga wa tangi, mwenye koti la kijani na mwenye sweta lililotoboka.

Mikono yake ilikuwa imejaa. Kwa ncha ya mguu akakisukuma kiatu, polepole, kisipige kelele, mpaka kikatazama mlango wa kutokea. Kisha akaingia jikoni kuosha vyombo. Vyombo tu.